Kabla hujaandika "somo limeeleweka": namna ya kukichunguza kipindi chako mwenyewe

Mwalimu yeyote aliyewahi kujaza andalio la somo anaijua ile nafasi ya mwisho kabisa, chini ya tathmini. Fomu hubadilika kila mtaala unapobadilika, lakini sijakutana na hata moja isiyo na mahali pa mwalimu kuandika maoni yake juu ya kipindi. Na sote tunajua kinachoandikwa pale: "Somo limeeleweka vizuri. Zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wamefikia lengo." Nimeiandika sentensi hiyo kwa miaka. Kuna siku niliiandika nyumbani, usiku wa kuamkia kipindi chenyewe, ili asubuhi nisihangaike.

Kilichonizindua ni mtihani wa muhula wa Darasa la V. Kulikuwa na swali la 1/2 + 1/3. Nikasahihisha karatasi ya kwanza, 2/5. Ya pili, 2/5. Ya tatu, 2/6. Nilipofika ya ishirini niliweka kalamu chini nikaenda kufungua faili la maandalio, niione wiki niliyofundisha sehemu zenye asili tofauti, yaani namba za chini zisizofanana. Mwandiko ni wangu, wino wa bluu: somo limeeleweka vizuri.

Tangu hapo nimejaribu njia nyingi za kujitathmini, na nyingi nimeziacha. Zilizobaki ndizo hizi. Utahitaji kauntabuku moja, kalamu, saa yenye mshale wa sekunde au simu, na mwenzako mmoja unayemwamini. Mifano yangu ni ya Hisabati shule ya msingi kwa sababu huko ndiko ninakofundisha. Wa Kiswahili au Jiografia atabadilisha mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua kipindi kimoja kwa wiki, na swali moja

Usijaribu kutafakari kila kipindi. Mwenye vipindi 28 kwa wiki, zamu, na marundo ya madaftari hawezi, na akijidai anaweza atarudi kulekule kwenye "limeeleweka vizuri" kabla ya wiki kwisha. Chagua kimoja. Kiwe kile kinachokusumbua, si kile unachojua utang'aa.

Kisha jiulize swali ambalo jibu lake linaweza kuonekana kwa macho au kuhesabika. "Nifundisheje vizuri zaidi?" halifai, maana huwezi kulijibu Jumanne saa nne. Haya yanafaa:

Wanafunzi wa madawati ya nyuma hufanya nini ninapokuwa nimegeukia ubao?

Nikiuliza swali, nasubiri muda gani kabla ya kumtaja mtu?

Wanaokosea zoezi wanakosea namna moja au namna nyingi?

Wangapi hawajaandika chochote dakika kumi baada ya zoezi kuanza?

Andika swali lako juu ya ukurasa mpya wa kauntabuku kabla hujaingia darasani. Ukiliandika baada ya kipindi, utachagua swali ambalo tayari unalijua jibu lake. Binadamu ndivyo tulivyo.

Hatua ya 2: Andika kabla chaki haijatoka mikononi

Ndani ya robo saa baada ya kipindi, mistari minne tu. Ukingoja jioni utaandika habari ya kipindi kingine kabisa, kile ulichotamani kiwe.

Mstari wa kwanza: kilichotokea, bila kukisifu wala kukilaumu. Wa pili: mahali ulipobadilisha mpango, na kwa nini. Wa tatu: jina la mwanafunzi mmoja na alichosema au alichoandika, neno kwa neno. Wa nne: utakachofanya kipindi kijacho.

Mstari wa pili unaonekana mdogo, lakini una uzito wake. Donald Schön, Mmarekani aliyechunguza namna watu wa taaluma kama wasanifu majengo wanavyofikiri wakiwa kazini, aliandika mwaka 1983 akitofautisha tafakuri ya papo hapo, mikono ikiwa kazini, na tafakuri inayokuja baada ya kazi. Mwalimu hufanya ile ya kwanza kila siku bila kuipa jina. Unaona nyuso zimeganda, unaacha mfano wa kitabuni unachukua wa kugawana muwa. Ujuzi huo usipouandika unapotea, na mwakani utaanza tena na mfano uleule wa kitabuni.

Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi: "Nilitoa mifano miwili ya asili zinazofanana, kisha nikaingia asili tofauti. Nilikusudia mifano minne, nikatoa miwili kwa sababu mstari wa asubuhi ulichelewa kuisha. Mtoto wa dawati la tatu kauliza, 'Mwalimu, hiyo sita imetoka wapi?' Nikamwambia ni KDS, nikaendelea. Kesho: nimjibu."

Tazama hilo swali la mtoto. KDS ni kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili. Nilimpa jina la kitu badala ya jibu, na sikuliona kosa hilo mpaka nilipoliandika.

Hatua ya 3: Sahihisha madaftari kwa kutafuta makosa, si alama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna ushahidi ulio karibu na mwalimu kama rundo la madaftari, nasi tunaupitia kwa vema na mkasi tu: vema, vema, mkasi, vema, 6/10, sahihi, linalofuata.

Chukua zoezi moja, swali moja. Weka madaftari mezani kwa mafungu, kila namna ya jibu na fungu lake. Usiandike alama bado. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza na swali lile la 1/2 + 1/3, darasa lina wanafunzi 72, waliohudhuria 68, mafungu yalitoka hivi:

5/6, jibu sahihi: 23.
2/5: 21.
2/6: 14.
5/12: 5.
Mengineyo, pamoja na waliokosea jedwali la kuzidisha: 5.

Kwa hesabu ya alama hao 45 wote ni wakosaji, wote wanapata mkasi. Lakini kila fungu lina habari yake. Wa 2/5 wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili. Kwao sehemu ni namba mbili zilizopandana, si kitu kimoja. Wa 5/12 wamebadilisha sehemu zote mbili sawasawa, wakapata 3/6 na 2/6, kisha mwishoni wakajumlisha na asili. Hao wanakaribia kufika.

Wa 2/6 ndio walioniuma. Wametafuta KDS, wakapata 6, wakaiweka chini kama nilivyosema, halafu wakajumlisha vya juu: moja na moja, mbili. Nikarudi kwenye nukuu nilizowaandikia ubaoni: "Tafuta KDS, iandike chini, kisha jumlisha vya juu." Watoto 14 walinitii. Kosa lao lilikuwa sentensi yangu.

Usingelijua hilo kwa kutazama wastani wa darasa. Kwa hiyo, kila ukipata fungu kubwa la kosa moja, jiulize kwanza: ni neno gani langu, au mfano gani wangu, uliowafikisha hapa? Mara nyingi utalipata. Usipolipata, mwite mmoja wa fungu hilo akueleze alivyofanya, naye akieleza wewe nyamaza. Usimkatize kumsahihisha. Ukimkatiza, ataacha kukueleza anachofikiri na kuanza kubahatisha unachotaka kusikia.

Kama madaftari 70 ni mengi, na ni mengi, vuta 15 bila kuchagua: matano ya rundo la juu, matano ya katikati, matano ya chini. Angalizo tu: wanaokusanya wa kwanza huwa ndio wenye kuweza, kwa hiyo usivute yote upande mmoja wa rundo.

Pale ambapo hakuna zoezi la kusahihisha, tumia karatasi ya mlangoni. Chana karatasi za madaftari yaliyokwisha vipande vinne vinne, gawa dakika tano kabla ya kengele, swali moja, wakikabidhi wakitoka. Bila jina, au na jina, kulingana na unachotafuta.

Hatua ya 4: Acha kuuliza "tumeelewa?"

Tusemezane ukweli. Mwalimu anauliza, "Tumeelewa?" Darasa zima, kwa sauti moja ndefu: "Ndiyooo, mwalimu!" Hilo si jibu, ni kiitikio. Mtoto akinyamaza, au akisema hapana, anajitenga na wenzake 70, na pengine anajitafutia adhabu. Na mwalimu mwenye fimbo mkononi ajue kwamba hataambiwa kamwe mtoto alipotea wapi.

Kiitikio chenzake ni kile cha kumalizia maneno. "Namba ya chini tunaiita asi...?" "Liii!" "Na ya juu ni kia...?" "Siii!" Darasa linachangamka, mgeni akipita nje anasema hapa kuna mwalimu. Lakini kinachopimwa ni kama mtoto anajua neno linaishaje, tena anaweza kulidaka kwa jirani nusu sekunde nyuma. Siliondoi kabisa, watoto wa saa sita mchana wanahitaji kuamshwa. Ila usilihesabu kama ushahidi wa kuelewa.

Badala yake, uliza maswali yanayomlazimu kila mmoja kufanya kitu unachoweza kukiona. "Andika kwenye daftari, 1/3 na 1/4 ipi kubwa, halafu inua daftari." "Mwambie jirani yako kwa nini 2/5 haiwezi kuwa jibu." Kisha zunguka usikilize.

Na ukiuliza, subiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani wa ufundishaji wa sayansi, alirekodi madarasa mengi miaka ya 1960 na 1970 akakuta walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na wale waliozoea kunyamaza walianza kujitokeza. Sekunde tatu zinaonekana kidogo ukizisoma hapa. Zihesabu kimoyomoyo mbele ya watoto 68 wanaokukodolea macho, utaona urefu wake.

Kujua unasubiri muda gani, weka simu mezani irekodi sauti dakika kumi tu, kisha isikilize ukiwa peke yako na saa. Itakuuma masikio; mimi niligundua kwamba najijibu maswali yangu mwenyewe. Rekodi sauti, si video, na ukishasikiliza futa. Picha na sauti za watoto si za kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, hata kwa nia njema.

Ili usiulize walewale, tumia vizibo vya soda. Andika juu ya kila kizibo namba ya mtoto kwenye daftari la mahudhurio, tia vyote kwenye kopo, uliza swali kwanza, subiri, ndipo utoe kizibo. Ukitoa kizibo kabla ya swali, wengine wote wanapumzika. Mtoto aruhusiwe kusema "bado nafikiri", na kweli umrudie baadaye.

Hatua ya 5: Waulize wanafunzi wenyewe

Ukiwauliza kama unafundisha vizuri watakusifu. Wamelelewa hivyo, na si vibaya. Uliza juu ya kipindi, siyo juu yako: "Leo ulipotea wapi?" "Ni mfano gani ulikusaidia?" "Ungekuwa wewe unamfundisha mdogo wako, ungeanza na nini?" Hilo la mwisho linatoa majibu mazuri kuliko yote. Mmoja aliniandikia: "Ningemwonyesha kwanza chapati."

Wadogo wa Darasa la I na II hawataandika. Kwao weka boksi mlangoni na bakuli mbili, ya mahindi na ya maharage. Punje ya hindi, nimeweza, haragwe, nimepotea. Boksi liwe na tundu dogo tu juu ili wasitazamane. Watatazamana hata hivyo, na siku za kwanza wote watatia mahindi. Wiki ya tatu, wakishaona kuwa hakuna anayegombezwa kwa haragwe, boksi linaanza kusema kweli.

Ukishawauliza, wajibu. Kesho yake sema mbele ya darasa: "Wengi mlisema mlipotea pale kwenye KDS, kwa hiyo leo tunaanza hapo." Usipofanya hivyo, mara ya pili watakupa karatasi tupu.

Hatua ya 6: Mwalike mwenzako akuhesabie

Macho yako yako mbele. Ya kukuona wewe lazima yawe ya mwingine.

Tatizo letu ni kwamba mtu akikaa nyuma ya darasa na karatasi, sote tunakumbuka mafunzo kwa vitendo, mkufunzi na fomu yake, au mthibiti ubora na yake. Kipindi kinakuwa maonyesho. Zana ambazo hazijatoka kabatini tangu mwaka juzi zinatoka. Kwa hiyo mwalike wewe, siyo atumwe, na mpe kazi moja ya kuhesabu.

Nilimwomba mwalimu kijana, aliyeajiriwa miaka miwili nyuma. "Mwalimu, kesho kipindi cha tatu huna darasa. Naomba uje kwangu."

"Madam, mimi nikukague wewe?"

"Hukagui. Unahesabu."

Nilimchorea ramani ya madawati kwenye karatasi moja. Kila nikimuuliza mtoto, aweke alama kwenye dawati lake, V kwa mvulana, S kwa msichana. Kila nikiuliza darasa zima likajibu kwa pamoja, aweke mstari pembeni. Basi.

Katika dakika 40 niliuliza maswali 34. Ishirini na sita yalijibiwa kwa kiitikio. Katika manane niliyomtaja mtu, saba yalikwenda upande mmoja, ule wa mlangoni. Niliapa kuwa sivyo. Akanionyesha ramani. Tukarudi darasani watoto wameshatoka, nikasimama pale ninaposimama siku zote, ndipo nikaelewa: mwanga wa dirisha hupiga ubao, nami husogea upande ule wa mlangoni ili watoto waone, mgongo wangu ukiwaelekea wa dirishani. Sikuwa na upendeleo wa kudhamiria. Lakini mtoto wa dirishani hajui habari za mwanga. Anajua tu kwamba mwalimu hamuulizi.

Mkikaa baada ya kipindi, fuateni utaratibu huu. Aliyefundisha aanze kusema, dakika tano bila kukatizwa. Kisha mwenzake asome alichohesabu, bila "ungetakiwa" wala "mimi ningefanya". Kisha mjadiliane jambo moja. Ushauri uje ukiombwa. Na wiki inayofuata mbadilishane, wewe ukahesabu kwake. Pasipo hivyo urafiki huo unageuka ukaguzi.

Walimu wa Japani wana desturi ya zamani ya kwenda mbali zaidi. Kikundi huandaa somo moja pamoja, mmoja hulifundisha, waliobaki hukaa wakiwatazama wanafunzi zaidi kuliko mwalimu, kisha hulijadili na kulirekebisha. Kenya, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi sekondari, SMASSE, ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Japani, ulieneza mzunguko wa panga, tenda, tazama, boresha. Kwetu Tanzania, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yanawakusanya walimu katika jumuiya za ujifunzaji palepale shuleni. Kama jumuiya yenu inakutana, usiende mikono mitupu. Peleka madaftari matano yenye kosa moja uliyoyatoa kwenye Hatua ya 3, yaweke mezani, uliza: "Huyu alifikiri nini?" Kikao hakitalala.

Hatua ya 7: Badili kitu kimoja, upime kwa kipimo kilekile

Baada ya yote hayo utakuwa na orodha ndefu na hamu ya kugeuza kila kitu Jumatatu. Usifanye hivyo. Ukibadili mambo matano kwa pamoja, mambo yakienda vizuri hutajua ni lipi lililosaidia, na yakiharibika utayaacha yote.

Mimi nilibadili mwanzo wa somo. Kabla ya kutaja KDS, kila mtoto alipata ukanda wa karatasi. Tukaukunja kati, tukapata nusu. Tukaukunja tena sehemu tatu sawa, tukaufungua: vyumba sita. Nusu ni vyumba vingapi? Vitatu. Theluthi? Viwili. Ile sita iliyomsumbua mtoto wa dawati la tatu ikawa inashikika. Na kabla ya hesabu yoyote tulijiuliza kwanza: jibu litazidi nusu au litapungua? Nusu ukiiongeza kitu haiwezi kupungua, kwa hiyo 2/5 inajikataa yenyewe.

Baada ya wiki mbili nilitoa 1/3 + 1/4, nikapanga mafungu yaleyale. Walioandika 70. Waliopata 7/12 walikuwa 41. Waliojumlisha asili kwa asili wakapata 2/7 walikuwa 9. Waliotia KDS chini na kuacha vya juu, 2/12, walikuwa 11. Tisa walikosea kwingine.

Siyo muujiza. Wanafunzi 29 bado hawajaweza, na lile fungu la KDS halikupungua kama nilivyotarajia, ikimaanisha kukunja karatasi kuliwasaidia zaidi wa fungu la asili kwa asili kuliko hili la KDS. Hapo ndipo swali la wiki iliyofuata lilipotoka.

Hatua ya 8: Tenganisha yako na yasiyo yako

Kunja ukurasa wa kauntabuku katikati. Kushoto andika unayoweza kubadili Jumatatu: mfano, swali, mahali unaposimama, muda wa kusubiri. Kulia andika yasiyo mikononi mwako: vitabu 12 kwa watoto 68, madawati, mtoto aliyekuja bila kunywa chochote, kipindi cha Hisabati kilichowekwa saa saba mchana.

Ukurasa huu unakulinda kwa namna mbili. Unakuzuia kujilaumu kwa mambo ambayo hata mwalimu bora nchini hawezi kuyatatua kwa chaki. Na unakuzuia kujificha nyuma yake, maana ni rahisi kusema "darasa lina watoto 70" na kuacha kuuliza kwa nini saba kati ya manane walikuwa wa mlangoni.

Upande wa kulia usiuache ulale. Una hesabu sasa, zitumie. Kwenda kwa mwalimu mkuu na "wanafunzi wanachoka mchana" ni lalamiko. Kwenda kwa mwalimu wa taaluma na wiki nne za karatasi za mlangoni, zikionyesha waliomaliza zoezi asubuhi na waliomaliza mchana, ni hoja. Ratiba yangu ilibadilishwa vipindi viwili kwa njia hiyo. Madawati bado tunasubiri.

Hatua ya 9: Sasa rudi kwenye ile nafasi ya mwisho

Najua hofu iliyopo. Mwalimu anajiuliza: nikiandika kwamba hawakuelewa, mkuu akisoma atasemaje? Mthibiti ubora akija je? Ndiyo maana asilimia 80 inaandikwa na kila mtu, kama salamu.

Jibu langu ni kuandika hesabu, kosa na hatua, kwa mistari mitatu: "Wanafunzi 23 kati ya 68 wamepata jibu sahihi. Kosa kubwa: kujumlisha asili kwa asili (21) na kuacha kubadili kiasi (14). Kipindi kijacho: vipande vya karatasi kabla ya KDS." Ni vigumu kumgombeza mwalimu aliyeandika hivyo, kwa sababu ameshajua tatizo na ameshataja atakalofanya. Mwaka mmoja nilisomewa maoni yangu na mgeni wa ofisini. Akauliza kitu kimoja tu: "Na hicho kipindi kilichofuata kilikwendaje?" Nikamfungulia ukurasa.

Mwisho wa muhula, kabla ya kufunga shule, kaa na kauntabuku saa moja. Usome yote. Yale yaliyojirudia mara tatu au zaidi yahamishie kwenye azimio la kazi la mwakani, pembeni kwa penseli, kwenye wiki yake. Kwangu, pembeni mwa wiki ya sehemu zenye asili tofauti, pameandikwa: "Karatasi 75, zichanwe Ijumaa. Usiseme 'iandike chini'. Simama dirishani."